Tanga la Zamani Mbele ya Mwera: Likazwe Kisasa au Liachwe Lilivyoshonwa?

Upepo wa Mwera ukishika kasi kwenye Ziwa Nyasa, kati ya Mei na Agosti, sisi wachache tunaoshuka kutoka Mbeya mjini kwenda Matema, ufukwe wa wilaya ya Kyela, na mbao zetu za tanga (windsurfing) hurudia ubishi mmoja kabla hata miguu haijalowa. Tanga lililoshonwa miaka ya 1980 lifungweje siku ambayo upepo ni mkali? Upande mmoja unasema livutwe kwa nguvu kutoka chini, kama yanavyofungwa matanga ya siku hizi, ili sehemu ya juu ilegee na kuachia upepo uliozidi. Upande wa pili unasema tanga hilo lina ushonaji wake, hivyo kamba ya chini ikazwe kwa kiasi tu, kisha kazi kubwa ifanywe na kamba ya nyuma, ile inayolinyoosha tanga kutoka mlingotini kwenda nyuma. Niliwahi kuutetea upande wa kwanza kwa moyo wote, na leo niko karibu zaidi na ule wa pili, lakini sababu za kila upande zinastahili kuelezwa kwa haki, kwa kuwa kosa la ufungaji kwenye upepo wa namna hiyo humwacha mtu mbali na ufukwe akiwa amekwisha nguvu.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, chombo chake ni ubao mmoja wa kusimamia na tanga moja ambalo mlingoti wake haukupigiliwa ubaoni, bali umekaa juu ya kiungo cha mpira kinachouruhusu kulala upande wowote. Mchezaji hushika bumu, yaani ule upinde mrefu unaolizunguka tanga pande zote mbili, na huongoza chombo bila usukani, kwa kulilaza tanga mbele au nyuma. Wamarekani Jim Drake na Hoyle Schweitzer waliomba hataza ya chombo cha aina hii mwaka 1968, na kufikia 1984 mchezo ulikuwa umeingia kwenye Olimpiki ya Los Angeles. Ni katika miaka hiyo ya umaarufu ambapo viwanda vilitoa mbao na matanga kwa wingi, na ndiyo maana vifaa vinavyotufikia huku Nyanda za Juu Kusini, vingi vikiwa vimeachwa na wageni waliofanya kazi mkoani na kurudi kwao, ni vya wakati huo. Kununua seti mpya na kuisafirisha hadi Kyela ni gharama ambayo wengi wetu hatuiwezi, kwa hiyo swali la kufunga tanga la zamani kwetu ni la kila msimu.

Hoja ya wanaotaka kukaza kutoka chini inaanzia kwenye upepo wenyewe, na hapo hawajakosea. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa tahadhari ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, mtu aliyezoea upepo wa kilomita 20 anaweza kudhani kwamba atakutana na nguvu maradufu, kumbe msukumo juu ya tanga hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, na atakachokutana nacho ni nguvu mara nne. Isitoshe, upepo wa Matema haufiki ukiwa umetulia. Milima ya Livingstone, inayoinuka kama ukuta upande wa mashariki, huukata na kuuachia tena kwa mapigo ya ghafla, na ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini huwa limeshayapa mawimbi nafasi ya kutosha ya kukua kabla hayajatufikia. Tanga la kisasa hulijibu pigo la upepo kwa kufunguka: ncha ya mlingoti inarudi nyuma, ukingo wa nyuma unalegea, na upepo uliozidi unatoka kwa juu kabla haujamfikia mchezaji mikononi. Rafiki yangu mmoja aliyejifunzia Zanzibar kwa vifaa vipya haoni kwa nini tanga la zamani linyimwe nafasi hiyo, na kila mara hunikumbusha kwamba tanga lisiloachia upepo humvuta mtu kwa mkono wa nyuma mpaka vidole vishindwe kufunguka. Anasema kweli, kwa maana ndivyo vidole vyangu vilivyokuwa kwa misimu miwili.

Tatizo ni kwamba kufunguka huko hakuletwi na kamba peke yake, bali kumeshonwa ndani ya tanga. Yeyote mwenye shaka anaweza kulipima lake kwa dakika tano. Alitandaze mchangani bila mlingoti, avute uzi wa mshipi kutoka ncha ya juu hadi tundu la chini, kisha aangalie mfuko wa mlingoti umechomoza kiasi gani mbele ya uzi. Matanga ya kuanzia miaka ya 1990 huchomoza sana, kwa sababu mshonaji alitarajia kwamba kamba ya chini itaupinda mlingoti mpaka uujaze mfuko huo, na kitambaa cha juu kibaki kimelegea kwa makusudi. Kwenye tanga langu la dakroni, yaani kitambaa cha poliesta, ambalo ni la katikati ya miaka ya 1980, uzi ulikaribia kuugusa mshono kutoka juu mpaka chini. Mshonaji wake alitarajia mlingoti unaopinda kidogo tu, na umbo la tanga, yaani lile tumbo linalobeba upepo, alilijenga kwa namna alivyokata na kuunganisha vipande.

Tanga la namna hiyo likivutwa kama la leo, kitambaa hakina pa kwenda. Nililifanya jambo hilo mwenyewe, kwa kapi na fimbo ya kuzungushia kamba, nikiwa nimepiga goti mchangani, na nilichokiona sitakisahau: mkunjo mmoja mrefu, kama mstari wa pasi kwenye suruali, ukasimama sambamba na mlingoti kutoka chini hadi karibu na juu. Tumbo lote lilikuwa limesogea mbele na kujibana kwenye mlingoti, ilhali ukingo wa nyuma, ambao ndio niliotaka ulegee, ulikuwa bado umekaza kama ngozi ya ngoma. Nilipoingia majini tanga lilikuwa zito na bila uhai, na mapigo ya upepo yalinipata vilevile. Baada ya saa moja uzi unaolizunguka tundu la chuma la chini ulianza kukatika, mmoja baada ya mwingine.

Hata hivyo, wanaotetea ufungaji wa zamani nao hukosea wanapolifanya neno "kiasi" kuwa kisingizio cha ulegevu. Tanga lisilokazwa vya kutosha chini huonyesha mikunjo midogo ya kulala, inayotoka kwenye mlingoti kuelekea nyuma, na upepo ukizidi tumbo lake husogea nyuma kuelekea mkono wa pili, jambo ambalo ni hatari kuliko ule mkunjo wa suruali. Kwa hiyo ninachofanya ni kukaza mpaka mikunjo ya kulala iishe yote, kisha naongeza kidogo zaidi ya nilivyokaza siku ya upepo mdogo, na nasimama pale tu ninapoona dalili ya kwanza ya mkunjo wa wima. Hapo ndipo nahamia kamba ya nyuma, naivuta mpaka tanga liwe bapa na lisiguse bumu upande unakoelekea upepo. Ufungaji huo haulipi tanga la 1985 ulegevu wa tanga la 2015, na sitaki kumdanganya mtu kwamba unalipa, ila unalifanya litabirike, na mchezaji aliye mbali na ufukwe anahitaji kutabirika kuliko kitu kingine chochote.

Suala la mlingoti ndilo linaloupa upande wa kisasa pointi moja ambayo naikubali bila kinyongo. Ugumu wa milingoti hupimwa kwa kuiegemeza ncha zote mbili, kuning'iniza uzito wa kilo 30 katikati na kuona imelala kiasi gani, na namba inayotokana na kipimo hicho huandikwa kwenye milingoti mingi: ule wa sentimita 460 kwa kawaida huwa 25, na wa sentimita 430 huwa 21. Milingoti ya zamani ya alumini au faiba haina namba hiyo mara nyingi, na mingine ni migumu mno. Kuubadilisha mlingoti mgumu kwa ulio laini kidogo kwa juu hulipa tanga la zamani nafasi ya kupumua bila kulivuta vibaya. Lakini ule mwembamba wa kaboni haufai kwenye matanga yenye vishikizi vya plastiki vinavyoukumbatia mlingoti, kwa sababu vishikizi hivyo vilipimwa kwa mlingoti mnene na huchomoka kila tanga linapogeuzwa.

Ubishi wa kamba, kwa maoni yangu, umechukua nafasi kubwa kuliko inavyostahili, kwa sababu maamuzi mengine hupunguza nguvu ya upepo zaidi kuliko fundo lolote. La kwanza ni ukubwa wa tanga: mtu wa kilo 75 anayehitaji mita 6 za mraba katika upepo wa wastani anapaswa kuingia kwenye Mwera wa kweli na tanga linalokaribia mita 4 na nusu, na kama hana, abaki ufukweni. La pili ni bumu, ambalo hushushwa hadi kwenye kifua, na mguu wa mlingoti ambao husogezwa mbele kwenye reli yake ili pua ya ubao isiruke. Kwenye zile mbao ndefu za zamani, zenye urefu wa mita 3 na nusu na zaidi, ubapa wa katikati unaozuia ubao kwenda upande lazima uvutwe juu wote, kwani kasi ikiongezeka ubapa huo huusimamisha ubao ubavu na kumrusha mtu. Pezi la nyuma nalo libadilishwe kwa lililo fupi. Mambo haya hayategemei mwaka tanga liliposhonwa, na sijawahi kumsikia mtu akiyabishia.

Na kuna sehemu ambayo siwezi kuiacha iwe ya zamani kwa hoja yoyote. Msimu mmoja nilikuwa na mabishano haya ya kukaza na kulegeza nikiwa na kiungo cha mpira ambacho sikuwahi kukibadili. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akianika usipa karibu na pale nilipotandaza tanga, alisogea akainama kuangalia kamba zangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kamba hii ndiyo ile ya mwaka jana?"

"Ndiyo hiyo, mzee."

"Sisi za nyavu tunazibadili kabla ya Mwera."

Nilimshukuru nikaingia majini. Kamba ilihimili, lakini mpira haukuhimili: ulikatika nikiwa kama mita mia mbili kutoka ufukweni, mlingoti ukaenda upande wake na ubao upande wake. Nililaliwa na tanga, nikatoka chini yake, nikaufikia ubao, kisha nikatumia kamba ya kulabu ya kiunoni kulifunga tanga nyuma yangu na kulala kifudifudi. Kwa kuwa Mwera huvuma kuelekea Matema, upepo wenyewe ulinirudisha, ila ulinitoa upande wa mawe, mbele ya kijiji cha Lyulilo, ambako magoti yangu yalilipa. Nilipoukunja mpira ule mkononi jioni hiyo niliona nyufa ambazo ningeziona siku yoyote kama ningeukunja. Sasa naukunja hadi pembe mraba kila ninapofunga tanga, na nimeongeza kamba fupi inayounganisha mguu wa mlingoti na ubao ili vikiachana visipoteane.

Bumu za zamani, zinazofungwa kwenye mlingoti kwa kamba badala ya kubanwa, nazo nazitazama hivyohivyo. Mpenzi wa vifaa vya asili atasema kwamba fundo zuri linashika vizuri, na ni kweli linashika, lakini linapaswa kuwa la kamba mpya isiyonyumbuka, na lirudiwe baada ya dakika kumi za mwanzo majini. Kwa plastiki ang'avu ya dirisha la tanga, ambayo jua la Kyela huikausha mpaka ikavunjika kama ganda la yai, kiraka cha selotepu pana pande zote mbili kinafaa kwa upepo mdogo tu. Na anayeupeleka ubao kwa fundi wa faiba Mbeya amwambie kabla hajaanza: ubao wenye povu jeupe la polistireni ndani uzibwe kwa resini ya epoksi tu, kwani ile ya poliesta inayotumika kwenye bampa za magari huliyeyusha povu hilo na kuacha shimo kubwa kuliko lililokuwepo.

Tanga langu la dakroni bado ninalo, likiwa na tundu jipya la chini na mshono wa pili, na nalifunga kama lilivyoshonwa. Jumamosi ni siku ya soko la Lyulilo, na akina mama wa Kikisi huleta vyungu vyao kwa mtumbwi kutoka Ikombe. Nikifika nikakuta mitumbwi hiyo haijavuka, hata kama wingu halionekani na ziwa karibu na mchanga linaonekana limetulia, tanga silikunjui.