Gripu Zako Badilisha Mwenyewe, Usingoje Safari ya Nairobi

Wacheza gofu wa huku kwetu, kuanzia Kisumu hadi Kakamega na Kitale, tuna tabia moja isiyoniingia akilini. Mtu yuko radhi kuchukua mkopo wa sacco anunue draiva mpya, ile fimbo ya kupigia mbali, ilhali gripu, yaani vishikio vya raba, za fimbo nyingine zote kwenye mfuko wake zimekauka, zimepasuka na zinang'aa. Ukimgusia, atakwambia anangoja siku atakayokuwa na shughuli Nairobi awapelekee mafundi wa huko. Siku hiyo haiji, na ikija, fimbo zimesahauliwa nyumbani.

Makedi, vijana wanaotubebea mifuko, huliona hili mapema kuliko sisi, kwa sababu wao ndio hushika fimbo zetu kutwa nzima. Mmoja pale klabu ya Nyanza, Kisumu, alimrudishia mwenzangu ayoni yake, fimbo ya kichwa cha chuma, na kumwambia kwa upole, "Mzee, hii imekuwa sabuni." Mzee alicheka, akaendelea kupiga mipira msituni.

Toa ayoni namba saba, ambayo wengi wetu huitumia kuliko zote, uitazame kwenye mwanga. Kama unacheza kwa mkono wa kulia, angalia pale kidole gumba cha kushoto kinapolala. Ukikuta michoro imefutika na pamebaki kidoa laini kinachorudisha mwanga, hiyo raba imekufa. Na hapo mwili hauombi ruhusa: vidole vinabana zaidi ili fimbo isichomoke, misuli inakaza mpaka kwenye viwiko, na uso wa fimbo unafika kwenye mpira ukiwa bado wazi, yaani umeelekea kulia. Mpira unakimbilia kulia. Wewe unalaumu mkao wa miguu, unalipia somo, unanunua draiva. Sisemi kila mpira unaokwenda kulia umesababishwa na gripu, ila ukianza na draiva umeanza na kitu cha bei ghali zaidi. Seti nzima ya gripu za raba za kawaida haifiki hata robo ya bei ya draiva mpya ya kampuni kubwa.

Ushauri unaorudiwa kila mahali ni kubadilisha gripu mara moja kwa mwaka, au baada ya raundi 40 hivi. Huku kwetu mwaka ni mrefu. Tunacheza Januari hadi Desemba, hakuna theluji ya kuzipumzisha fimbo. Kisumu kuna joto na unyevu wa ziwa, viganja vinatoka jasho kabla hujafika shimo la pili, kisha fimbo zinafungiwa kwenye buti la gari juani. Jasho, mafuta ya ngozi na joto ndivyo vinavyoua raba. Kericho shida ni nyingine, mvua ya alasiri. Kwa hali zote mbili mimi ni mtu wa gripu zenye nyuzi zilizofumwa ndani ya raba. Zinakwaruza kidogo, na mwenye ngozi laini atalalamika, lakini hazitelezi.

Kabla hujatoa pesa, zioshe kwanza: maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi ya kufulia. Kuna gripu zinazodhaniwa zimekwisha kumbe ni chafu tu.

Zikiwa zimekwisha kweli, kazi yenyewe ni hii. Fimbo inafungwa kwenye jiliwa, lakini shafti, ule mwili mrefu wa fimbo, isigusane na chuma. Izungushie kipande cha tyubu ya baiskeli. Gripu kuukuu hukatwa kwa kisu cha ndoano, kuanzia mdomoni, upande ulio wazi, kwenda juu, ukisukuma mbali na mwili wako. Kwa shafti ya chuma hata kisu cha kawaida kitakusaidia. Kwa shafti ya grafiti, ile ya nyuzi za kaboni, hapana, mkwaruzo mmoja unaweza kuwa mwanzo wa kuvunjika. Halafu inabaki selotepu ya zamani, na hapa ndipo uvumilivu huisha. Azima drai ya saluni, ipashe moto taratibu, nayo itabanduka vipande virefu badala ya kukwama kwenye kucha. Kwa grafiti usizidishe moto.

Selotepu mpya iwe ya pande mbili. Ipime kwa urefu wa gripu, na iache sentimita moja na ushee izidi mwisho wa shafti, uisokote na kuiingiza ndani ya tundu. Wengi huruka hatua hiyo, kisha wanashangaa kwa nini majimaji yanacheza ndani ya fimbo. Ziba kitundu cha juu ya gripu kwa tii, kile kijiti cha kuwekea mpira, mimina ndani dawa ya kulainisha selotepu (nitaifikia hivi punde), funika mdomo kwa kidole, tikisa, kisha yote uimwagie selotepu huku beseni likiwa chini. Halafu sukuma. Hapa hakuna kusitasita: bana mdomo wa gripu, uingize, na usukume mara moja mpaka uhisi imegonga mwisho. Una kama dakika moja ya kunyoosha michoro ifuatane na uso wa fimbo. Baada ya hapo iache ilale usiku kucha.

Dawa hiyo ndiyo inayoleta ubishi. Nimeona watu wakitumia petroli, na kuna fundi aliyeniapia kwamba hakuna kinachoishinda. Mvuke wake unashika moto kwa cheche moja tu, na watu wanafanya kazi hii jikoni au kwenye gereji ambamo kuna mtu anachomelea vyuma. Tena hukauka haraka mno, gripu inakwama katikati, haiendi mbele wala nyuma, na hapo dawa yake ni kisu. Thina kali inaweza kula raba na rangi ya grafiti. Mafuta ya taa yanaacha ute usiokauka. Nenda hadiwea uombe waiti spiriti, ile wapaka rangi wanayooshea brashi. Nayo inashika moto, kwa hiyo fanyia kazi nje, ila inakupa muda wa kusukuma bila pupa. Zipo pia selotepu zinazolainika kwa maji, na hizo ndizo ningempa mtu anayeanza akiwa na watoto nyumbani.

Na jamaa wa pancha je? Ana kompresa. Upepo ukipulizwa kwenye kile kitundu cha juu kupitia bomba lenye ncha ya raba, gripu hutanuka na kuteleza juu ya selotepu ya karatasi bila tone la dawa, na unaweza kuitoa siku nyingine ikiwa nzima. Ni njia safi na ninaipenda. Lakini huo ni upepo wa magurudumu, ukiuachia wote gripu inavimba na kupasuka. Uingie kidogo kidogo.

Kuhusu ukubwa, usinunue kwa kutazama rangi. Chungulia ndani ya mdomo wa gripu, nyingi zimeandikwa kitu kama M60R au M58. Hizo tarakimu ni upana wa tundu, inchi 0.600 au 0.580, na inafaa zilingane na mwisho wa shafti yako. R ni ya mviringo kabisa, bila ule ukingo mdogo wa nyuma unaokuongoza vidole. Shika fimbo kwa mkono wa kushoto: ncha za kidole cha kati na cha pete ziguse kiganja kidogo tu. Zikizama ndani, gripu ni nyembamba. Pakiwa na nafasi, ni nene. Kuongeza unene si lazima ununue nyingine, kila tabaka la selotepu ya karatasi chini yake huongeza karibu milimita 0.4. Ila hizi hadithi za klabuni kwamba gripu nene itakutibu mpira unaopinda kushoto, zisikilize kwa sikio moja. Nene huongeza uzito mikononi, kichwa cha fimbo unakiona chepesi, na hilo nalo lina matatizo yake. Sheria nazo zina la kusema: gripu isifinyangwe kufuata vidole, na isipokuwa ya pata, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, lazima iwe ya mviringo, ukingo ule mmoja ulionyooka ukiruhusiwa.

Ninachotamani kukiona ni vilabu vyetu kuweka jiliwa moja na meza kwenye kibanda cha makedi. Hawa vijana wengi hucheza na fimbo za mtumba zilizookotezwa huku na huku, hakuna gripu mbili zinazofanana, na Jumatatu ndiyo siku yao ya kucheza. Ukiwafunza kazi hii wanarekebisha za kwao, kisha wanatutoza sisi wavivu kwa kila fimbo. Mfuko unaruhusiwa hadi fimbo 14 kwa sheria, na wanachama tupo wengi. Kuna mwanachama aliyepinga wazo hili akisema litamnyang'anya fundi wa klabu riziki. Sidhani. Kukunja pembe za ayoni kunahitaji mashine yake, na shafti iliyovunjikia shingoni si kazi ya jikoni. Hizo mimi humpelekea, na namlipa bila kulalama.