Uliza kwanza mlango wa kutokea

Kijana mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, amenionyesha daftari lake la mafunzo. Mkufunzi (aliyelipwa kwa dola, bila shaka) amewaandikisha orodha ya programu za kuandikia blogu: hii nzuri, hii nzuri zaidi, hii ndiyo ya wataalamu. Zote za mtandaoni, na karibu zote zinadai kadi ya benki kila mwezi. Ukumbi mzima wa watu wanaolipana kwa M-Pesa, na hakuna aliyeinua mkono kuuliza! Sasa ananiuliza mimi, mkubwa wake: "Yaya, nichague gani?"

Mdogo wangu, swali lenyewe halimo katika daftari lako: siku ukitaka kuondoka na maandishi yako, utayatoaje?

Rika langu wanaelewa. Skyblog, mnaikumbuka? Redio Skyrock ya Ufaransa iliianzisha tovuti hiyo ya blogu mwaka 2002, na vijana wa kila nchi inayosema Kifaransa wakajaa humo. Wa Lubumbashi nao, kwenye siberi za mjini, tukilipa kwa saa. Picha za harusi za kaka zetu, mashairi ya mapenzi yenye makosa kila mstari, matusi kati ya mashabiki wa timu zetu, Mazembe na Lupopo. Agosti 2023 wakafunga. Walitangaza mapema, sikatai. Lakini nani kati yetu alikuwa bado anakumbuka neno la siri la wakati ule? Wafaransa, tuwape haki yao, waliweka nakala katika Maktaba ya Taifa. Ukitaka kuzisoma, unakwenda kukaa katika ukumbi wa kusomea, kulekule Ufaransa. Yaani shairi nililoandika mwenyewe nikiwa sekondari, Kamalondo, leo nilisome kwa viza! Niende ubalozini na barua ya mwaliko, akaunti ya benki na bima ya safari, niseme nakwenda kumtembelea msichana wa darasa la pembeni.

Siwalaumu kwa kufunga. Kampuni hufungwa. Kinachoniuma ni kwamba bado tunachagua kwa kuangalia rangi na vitufe, tena sasa tunalipia.

Mimi naandika kwenye faili la maandishi matupu. Nikihitaji kichwa au msisitizo, natumia alama za Markdown, ambazo John Gruber alizitoa mwaka 2004: alama ya reli (#) kwa kichwa, nyota (*) kwa msisitizo, basi. Makala kama hii haifiki hata kilobaiti tano. Inafunguka kwenye simu yoyote, inatumwa kwa Bluetooth, inakaa kwenye fleshi, na haiulizi kama mtandao upo.

Maana kuna hilo nalo. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikianza, umeme hauagi, na mtandao nao huondoka. Google Docs, programu ya kuandikia mtandaoni, nakubali shingo upande, hufanya kazi hata bila mtandao, ila sharti uiandae mtandao ukiwa bado upo, kama anayejaza bidoni kabla robine haijakauka. Mkufunzi hakulisema. Pengine hotelini kwake kuna jenereta.

Visahihishi vya tahajia? LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, ina kamusi ya Kiswahili, lakini ni cha Tanzania. Iandikie "tunasemaka" ya kwetu uone damu ya mistari myekundu. Nimeizima. Na uzuri wa sura usikusumbue: wasomaji wetu wengi wana simu yenye kioo kilichopasuka, na wengine makala huwafikia kwenye WhatsApp, imenakiliwa bila jina la mwandishi. (Mnajijua.)

Kuchapisha ni jambo jingine. WordPress, iliyopo tangu 2003, ni programu huria: mwenye seva (kompyuta inayohifadhi blogu yako) akikuudhi, unahamia kwa mwingine. Blogger ni ya bure, imekuwa ya Google tangu mwaka huohuo, sura yake imezeeka, lakini inakuruhusu kupakua makala zako. Medium pia. Chagua unayoitaka, ila kabla hujaipa miaka yako, chapisha makala moja ya majaribio, halafu jaribu kuitoa. Ikikumalizia jioni nzima ukitafuta kitufe, umeshajibiwa. Na ukikipata, fungua faili uone kilichomo. Picha ndizo husumbua: faili la kuhamishia la WordPress hubeba maandishi na anwani za picha, si picha zenyewe. Hizo ziweke pembeni, kwenye fleshi mbili, na moja isikae kwako.