Nipasulie kiriba kimoja kwanza

Masika yakikaribia, barabara ya kupanda Kibosho kutoka Moshi mjini hujaa miche ya kahawa pembezoni. Viriba vyeusi, vile vifuko vya nailoni vya kuoteshea miche, vimepangwa safu safu, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Mtu anasimama, anatazama majani, anapunguziwa shilingi mia, anapakia kwenye bodaboda. Nami nilikuwa mtu huyo. Nilichagua miche 120, ile mirefu yenye kijani cha kupendeza, nikaenda kuziba mapengo kwenye kihamba, shamba la nyumbani alilotuachia marehemu baba.

Mwaka wa kwanza ilinipa kiburi. Kiangazi cha mwaka wa tatu ikaanza kuwa ya njano, mmoja mmoja ukalegea, na huku mibuni ya zamani iliyo hatua mbili kutoka pale imesimama tu, haina habari. Nikashuku mnyauko. Nikashuku minyoo. Nikanunua dawa. Baba mdogo alinikuta na bomba mgongoni, akaitikia shikamoo yangu, kisha akauliza, "Umeng'oa hata mmoja ukautazama chini?"

Sikuwa nimeng'oa. Akashika shina kwa mikono miwili, akavuta, likatoka bila ubishi. Mzizi mkuu ulikuwa umepinda kama ndoana, ncha imegeukia juu. "Huu haukufa mwaka huu," akasema. "Ulikufa siku ulipotiwa kwenye kiriba."

Niliudhika, maana dawa ilikuwa imeshalipiwa. Lakini tuling'oa mingine sita, na mitano ilikuwa na ndoana ile ile.

Hiyo ndoana hutengenezwa kwa sekunde chache. Mbegu ya kahawa ikishasiwa kwenye tuta, inachukua mwezi mmoja na nusu hivi, huku kwetu kwenye baridi hata zaidi, hadi inyanyuke juu ya udongo ikiwa imebeba punje kichwani kama njiti ya kiberiti. Baadaye punje hupasuka, majani mawili ya mviringo yanafunguka kama kipepeo. Kati ya hatua hizo mbili ndipo mche huhamishiwa kwenye kiriba. Kijana analipwa kwa idadi ya viriba alivyojaza siku hiyo. Anatoboa tundu kwa kidole. Kidole ni kifupi kuliko mzizi, kwa hiyo mzizi anausokomeza, unakunjika, anabana udongo, anaingia kiriba kinachofuata. Hakuna atakayeona. Anayejua kazi hutoboa kwa kijiti kirefu, mzizi ukizidi urefu anaukata ncha kwa ukucha, anaushusha, halafu anauvuta juu kidogo ili unyooke kabla ya kubana udongo. Tofauti ni nusu dakika kwa mche, nami niliilipia miaka mitatu.

Kiriba kikikaa kitaluni kupita muda wake nacho kinaleta balaa lile lile: mzizi unagonga kitako, unaanza kuzunguka humo ndani.

Kwa hiyo naomba tuache kuhukumu mche kwa majani. Majani mazuri ni kazi ya wiki mbili na urea kidogo. Tena mara nyingi yale yanayong'aa sana ni ya mche uliolelewa kwenye kivuli kizito mpaka siku ya kuuzwa, haujawahi kuzoeshwa jua. Ukiufikisha shambani unaungua.

Suala la aina ya kahawa nalo halitaki macho peke yake. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo kipo tangu 1934, na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoanza 2001, imetoa pale aina chotara zinazostahimili chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, na kutu ya majani. Aliyewahi kulea N39, aina ya zamani isiyostahimili magonjwa hayo, anajua maana yake: kuzunguka na bomba la dawa ya kopa msimu mzima. Hiyo sifa ya Lyamungo sasa imekuwa jina la kuuzia. Mtu anaokota mbegu chini ya mti chotara wa jirani, anasia, anauza "miche ya Lyamungo". Watoto wa chotara hawatoki wote kama mama yao. Wengine watarudi kwenye chulebuni ile ile. Ndiyo maana kuna vikonyo, vipande vinavyokatwa kwenye mti na kuoteshwa, ambavyo hubeba sifa za mti mama zilivyo. Na kikonyo lazima kitoke kwenye chipukizi linalopanda wima. Shemeji yangu alijaribu mwenyewe kwa kukata matawi ya pembeni. Yaliota, siwezi kusema hayakuota, ila mibuni yake imelala ubavu na inatambaa kama maboga.

Kila msimu tunatangaziwa idadi ya miche iliyogawiwa kwa wakulima. Napenda kusikia, ila ningependa zaidi kusikia mingapi bado ipo hai baada ya miaka mitatu, na mingapi ilitufikia mwisho wa Mei mvua zinaaga. Mche unahesabiwa ukishuka kwenye gari, basi.

Wenye vitalu nao wana lao, siwalaumu wote. Samadi, viriba, nyavu za kivuli, maji ya kununua mfongo, mfereji wetu, ukikauka, halafu mteja anakuja kubishana shilingi mia. Anayekimbiza kazi anauza rahisi, na sisi tunamkimbilia huyo huyo.

Masika iliyopita nilikwenda kwa mama mmoja mwenye kitalu upande wa Uru. Nikamsalimia, nikamwomba anipasulie kiriba kimoja kwanza.

"Utakilipia?"

"Nitakilipia, mama."

Akachukua kisu, akachana nailoni juu mpaka chini, akapukutisha udongo taratibu. Mzizi ulikuwa umeshuka wima kama uzi wa fundi mwashi, na vijizizi vya pembeni vyenye ncha nyeupe. Kisha, bila kuulizwa, akaniambia safu ya nyuma nisiiguse, imekaa mno, ataitoa mwenyewe.

Nikachukua 60. Ule uliopasuliwa hakuutupa. Aliurudishia udongo, akauviringisha kwenye ganda la mgomba, akaufunga kwa kamba na kuurudisha kivulini.