Kwanini Charleston haikuwa ugaidi?

Juni 17, 2015 usiku, kijana wa kizungu wa miaka 21, Dylann Roof, aliingia kanisa la Emanuel pale Charleston, South Carolina, kanisa la watu weusi la siku nyingi sana, akawakuta waumini kwenye mafunzo ya Biblia. Wakamkaribisha vizuri tu, akakaa pembeni ya mchungaji Clementa Pinckney ambaye alikuwa pia seneta wa jimbo, akawasikiliza kama saa nzima hivi, halafu walipofumba macho kusali ndo akatoa bastola. Watu 9 wakafa. Kuna mama mmoja alimwacha hai makusudi kabisa, akamwambia anamwacha ili akasimulie.

Hebu tulia kidogo hapo kwa huyo mama. Jambazi haachi shahidi kwa kupenda, na mtu mwenye kisasi chake binafsi hana haja ya kutuma salamu kwa yeyote. Anayeacha mtu wa kusimulia ni yule ambaye hao waliokufa hawamtoshi, anataka na wale ambao hawakuwepo kanisani wasikie waogope. Kama huo sio ugaidi basi mi sijui ugaidi ni nini.

Lakini siku chache tu baadaye James Comey, mkurugenzi wa wakati huo wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, alipoulizwa akajibu kwamba kwa alichokuwa anakijua mpaka hapo haoni kama ni tendo la kisiasa, kwahiyo kuliita ugaidi hapana. Na wakati huo picha ya Dylann Roof ilishasambaa dunia nzima, amevaa jaketi lenye bendera ya Afrika Kusini ya makaburu na ya Rhodesia, yaani Zimbabwe ya enzi za utawala wa wazungu. Jamani, Rhodesia! Kijana wa Marekani aliyezaliwa nchi hiyo ilishakufa anavaa bendera yake kifuani, hiyo ni siasa ya nini kama sio ya mzungu kutawala mweusi?

Mwaka huohuo Desemba 2, mtu na mkewe Waislamu wakaua watu 14 San Bernardino, California. Siku 2 baadaye FBI ikatangaza inachunguza kama ugaidi. Nisieleweke vibaya, ulikuwa ugaidi na ushahidi ulikuwepo, mwanamke alishaweka mtandaoni kwamba yuko na Dola la Kiislamu. Hoja yangu ni kwamba na Charleston ushahidi ulikuwepo, ila kule ndo ukaonekana hautoshi.

Watu wengi wakifika hapa wanasema ubaguzi, wanafunga mjadala. Ubaguzi upo ila kuna ishu ya sheria ambayo haisemwi sana. Baada ya Septemba 11 Marekani walipitisha Patriot Act mwaka 2001, ndani yake wakaeleza ugaidi wa ndani ni kitu gani, lakini hawakuufanya kuwa kosa lenye adhabu yake. Upande wa pili kuna orodha ya serikali ya makundi ya kigaidi ya nje, na ukilisaidia kundi lolote la humo hata kwa kulitumia hela tu, hata kama hujaua mtu, tayari una kesi ya ugaidi. Kwahiyo anayeua kwa jina la Dola la Kiislamu amewekewa kifungu kinamsubiri, anayeua kwa jina la wazungu anashtakiwa kwa mauaji na uhalifu wa chuki. Ndo ilivyokuwa kwa Roof: makosa 33 ya shirikisho, hukumu ya kifo Januari 2017, na humo kote ugaidi haumo. Waandishi wa habari nao wanachukua lugha ya waendesha mashtaka wanaipeleka hivyohivyo.

Ila sheria haielezi yale masaa ya mwanzo. Oklahoma City 1995, bomu limeua watu 168, na hakuna anayejua kitu bado, wataalamu kwenye TV wanaonyesha kidole Mashariki ya Kati, kumbe ni Timothy McVeigh, mzungu, mwanajeshi wa zamani aliyepigana vita ya Ghuba. Norway 2011 wameuawa watu 77, wakaanza tena na Al-Qaeda, akatoka Anders Breivik. Na alipotoka yeye stori ikahamia kichwani kwake, madaktari wa kwanza wakasema ana skizofrenia, wa pili wakasema mzima, mahakama ikakubaliana na wa pili ikamtia hatiani kwa ugaidi. Kuna watafiti wa Marekani walipima mashambulizi ya 2006 hadi 2015 wakakuta yanayofanywa na Waislamu yalipata habari zaidi kwa asilimia 357, na hapo wameshazingatia idadi ya waliokufa.

(Las Vegas 2017, pale mzee mmoja alipomiminia risasi watu kwenye tamasha la muziki, watu huwa wanaitupia kwenye hii hoja, mi siitumii. FBI walitafuta sababu ya yule mzee hawakuipata, na bila lengo la kisiasa au la itikadi huwezi kusema ni ugaidi hata wangekufa watu wangapi.)

Inawezekana kufanya vizuri lakini. Christchurch, New Zealand, Machi 15, 2019, waumini 51 waliuawa na mzungu kwenye misikiti miwili, na waziri mkuu wa wakati huo Jacinda Ardern akatamka ugaidi siku ileile, hakusubiri daktari wa akili.

Sasa kuna wanaotaka Marekani itunge kosa jipya la ugaidi wa ndani ili na wabaguzi wa kizungu wanase. Hapo mi nasita, na sababu yangu ni Georgia. Mwaka 2017 jimbo hilo lilipanua sheria yake ya ugaidi wa ndani, na waliouunga mkono muswada wakaitaja Charleston kabisa. Mwanzoni sheria ililenga mashambulizi ya kudhuru au kuua watu wasiopungua 10, wakaongeza na uharibifu wa miundombinu. Kufika 2023 zaidi ya watu 40 wameshtakiwa kwa sheria hiyo, waandamanaji waliokuwa wanapinga kituo cha mafunzo ya polisi kujengwa kwenye msitu wa Atlanta. Kuna waliochoma mitambo kweli, washtakiwe kwa kuchoma mitambo. Ila baadhi walikamatwa kwenye tamasha la muziki humohumo msituni, wakatoka hapo wanaitwa magaidi, neno ambalo halimo kwenye mashtaka ya Roof hata moja.