Simu Moja, Mabwana Watano

Wiki mbili zilizopita bosi aliandika kwenye kikundi chetu cha ofisi kwamba kuanzia mwezi ujao tutafanyia kazi nyumbani kila Jumatatu na Ijumaa. Kodi imepanda, kwa hivyo nusu ya ghorofa tunamrudishia mwenye jumba. Mwisho wa ujumbe akatutia moyo: "Hili si geni kwetu. Wakati wa Korona tulilimudu." Niliusoma nikiwa kwenye matatu, magari yamesimama tuli Mombasa Road, nikacheka peke yangu mpaka abiria wa kando akanitupia jicho.

Tulilimudu. Hicho kiambishi "tu" kimebeba watu wengi ambao hawajawahi kuonekana kwenye orodha ya mishahara ya kampuni yetu.

Mimi ni mhasibu wa kampuni ndogo ya kutoa mizigo. Makontena yakishuka bandarini Mombasa, au yakifika kwa reli kule Embakasi, sisi hushughulikia makaratasi ya forodha na malori ya kuyasafirisha, mengi yakielekea Uganda. Machi 13 mwaka 2020 serikali ilipotangaza mgonjwa wa kwanza nchini, tulidhani ni habari ya siku mbili tatu. Jumapili yake Rais Uhuru Kenyatta akatangaza shule zifungwe, na anayeweza kufanyia kazi nyumbani afanye hivyo. Jumatatu nikapita ofisini kuchukua laptopu, chaja na mafaili mawili ya ankara. Mwenzangu mmoja alichukua mpaka kiti chake cha ofisini chenye magurudumu. Tulimcheka akikiburura kuelekea kwenye lifti. Kufikia Juni mgongo wangu ulikuwa umeshaniambia nani kati yetu alikuwa na akili.

Nyumba yetu ni ya vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya tatu, South B. Meza ya kulia ni moja. Binti yangu alikuwa Gredi ya Nne, kaka yake Gredi ya Kwanza, na mume wangu ni mhadhiri. Meza nikaichukua mimi asubuhi, watoto wakaipata mchana. Mume wangu akaishusha meza ya kupigia pasi mpaka ikamfika magotini, akaitandika shuka, akafundishia hapo muhula mzima. Wanafunzi wake walikuwa wakiona kabati la vitabu nyuma yake. Hawakujua kwamba akiegemea kidogo tu, mhadhara wote unakwenda chini.

Lakini si nafasi iliyotukaba. Iliyotukaba ni simu yangu.

Waifai ya nyumbani hatukuwa nayo. Tulipoomba kuunganishwa tuliambiwa tungoje, mtaa mzima umeomba. Kwa hivyo nilikuwa nanunua bando kwenye simu, nawasha hotspoti, na laptopu yangu inakunywa humo. Simu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa na kikundi cha wazazi wa Gredi ya Nne, na cha Gredi ya Kwanza. Ndiyo iliyokuwa na M-Pesa. Namba yake ndiyo waliyokuwa nayo madereva wa malori. Na ndiyo aliyokuwa akipiga mamangu kutoka Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kila siku saa nne u nusu asubuhi, akishamaliza kupika.

Sasa, simu yangu ile ilikuwa na tabia moja: mtu akipiga, mtandao unakatika. Na mkutano wa ofisi ulikuwa saa nne kamili. Basi kila siku, katikati ya hesabu za kontena, jina la Mama linatokea kwenye kioo, na mimi natoweka mkutanoni kama jini aliyesomewa. Wenzangu wanabaki na picha yangu iliyoganda, mdomo wazi. Ningeikata simu yake, ila mama wa miaka sabini anayeishi na mjukuu mmoja wakati wa maradhi, humkatii simu. Nikimwambia, "Mama, niko kazini," ananijibu, "Kazini wapi, na hukutoka?"

Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi. Alikuwa na haki. Kwake yeye kazi ni mahali unapokwenda na kurudi. Babangu alikuwa akirudi kutoka bandarini, anavua viatu mlangoni, anaoga, na hapo ndipo anapoulizwa jambo lolote. Mimi sikuwa na mlango wa kuvulia viatu. Tena niseme jambo ambalo wenzangu wa Nairobi hawatanisamehe: nilikuwa naitamani matatu. Ile saa nzima ya foleni, ambayo kila mtu huilaani, ndiyo iliyokuwa uzio wangu. Bosi akitaka kitu saa kumi na moja u nusu, nilikuwa namjibu, "Niko barabarani," na mambo yanalala mpaka kesho. Machi 27 kafyu ilipoanza, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, udhuru huo ulikufa. Kila mtu alijua kila mtu yuko wapi. Mikutano ya alasiri ikaanza kusogea, kutoka saa tisa ikaja saa kumi, kisha saa kumi na mbili jioni, "maana sote tuko nyumbani tu."

Saa kumi na mbili jioni, mwezi wa Ramadhani! Misikiti ilikuwa imefungwa, tarawehe tunasali sebuleni, na Mei 6 Mji wa Kale nao ukafungwa, haingii mtu wala hatoki mtu, kwa mwezi mzima. Mama akawa ndani. Kitu pekee nilichoweza kumfanyia ni kufuturu naye kwa video. Nilikuwa naiegemeza simu kwenye chupa ya chai, na yeye kule anaishika karibu mno na uso, kwa hivyo tulifuturu mwezi mzima na paji lake la uso pamoja na feni ya dari. Jua la Mombasa huzama dakika kumi hadi kumi na tano hivi kabla ya la Nairobi. Tunamtazama anakula tende, anakunywa uji wa pilipili manga, anashusha pumzi, na sisi mate yanatujaa tunangoja adhana yetu. Watoto waliuona ni mchezo mzuri kuliko yote. Nami hapo laptopu imefunguliwa kando, haina mtandao kwa sababu mtandao nimempa Mama, na najua kabisa kwamba kuna watu wanaulizana nimekwenda wapi tena.

Siku moja niliambiwa mbele ya wote kwamba nina tatizo la "kupatikana". Nilinyamaza. Leo nisingenyamaza. Bando ni langu, umeme ni wangu, simu niliinunua kwa mshahara wangu mwenyewe, na meza ni ya mahari, halafu mimi ndiye sipatikani! Tokeni za umeme zikiisha mkutano ukiendelea, nazinunua kwa simu hiyohiyo, kisha nasimama juu ya stuli kubonyeza tarakimu 20 kwenye mita, huku mwanangu ananisomea namba kwa sauti na kuruka moja. Hakuna fomu ya marejesho niliyowahi kuiona yenye mstari wa tokeni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Shule je? Masomo ya redio na televisheni yalikuwepo, Edu Channel ya KICD, taasisi ya mitaala, ilikuwa ikisaidia, ila televisheni haisahihishi kazi. Walimu walituma mazoezi kwenye kikundi, nami nayapeleka saiba kupiga chapa, au nayanakili kwa mkono saiba ikifungwa. Ukituma picha ya mtoto amepanda sukuma wiki kwenye mkebe, wazazi arubaini nao wanatuma zao, halafu arubaini wanaandika "Ahsante mwalimu", mmojammoja. Hifadhi ikajaa. Nikafuta picha ili PDF za hisabati zipate pa kukaa, na katika pilikapilika nikafuta za harusi ya mdogo wangu. Mkebe wa sukuma wiki uko mpaka leo.

Kulikuwa na siku niliangua kilio bafuni kwa sababu ya zoezi la Sayansi na Teknolojia la mtoto wa miaka tisa. Tuliache hilo.

Bwana wa tano wa simu yangu walikuwa madereva, na hapa ndipo malalamiko yangu yanapopungua sauti. Mwezi wa Mei foleni ya malori pale Malaba, mpakani na Uganda, ilikuwa kilomita juu ya kilomita. Dereva hapiti mpaka apimwe na majibu yatoke, na majibu yalikuwa yanachukua siku. Walilala kwenye lori au chini yake, mvua inanyesha, na vijiji vilivyo njiani vinawakimbia kama wao ndio virusi wenyewe. Posho zinakwisha. Wanapiga saa tatu usiku, saa tano, mara moja saa tisa za usiku: "Mama, tumebaki bila ya chakula." Ada ya kutuma pesa isiyozidi shilingi 1,000 ilikuwa imeondolewa, basi ofisi ikaamua posho zitoke kwangu elfu mojamoja, ili kampuni isilipe ada. Nimekaa kitandani, taa imezimwa, mume wangu amelala, natuma elfu moja, natuma elfu nyingine, natuma nyingine. Kidole gumba kilikuwa kinaniuma.

Dereva mmoja aliniuliza, bila ya kejeli hata kidogo, "Na wewe unafanyia wapi kazi siku hizi?" Nikamwambia nyumbani. Akasema, "Alhamdulillahi." Nilikaa na neno lile mpaka alfajiri.

Kwa hivyo sisemi kufanyia kazi nyumbani ni adhabu. Kuna asubuhi nilimsikia mwanangu akisoma neno lake la kwanza refu, "kinyume", akalirudia mara sita, na nisingelisikia kama ningekuwa kwenye foleni. Ninachokikataa ni kule kuambiwa tuliweza, kana kwamba uwezo ulitoka mbinguni. Mtu aliyefanya iwezekane kwa miaka mitano kabla ya hapo, dada aliyekuwa akitusaidia nyumbani, alikwenda kwao Makueni wikendi moja ya Machi, na Aprili 6 Nairobi ikafungwa. Akabaki huko hadi Julai. Nikajua siku hizo kwamba mimi sikuwahi kuwa mhasibu peke yangu. Tulikuwa wawili, mmoja akiwa ofisini na mwingine akinishikia nyumba, na mshahara mkubwa nikiupokea mimi. Tena miezi ile mitatu tulimtumia nusu ya mshahara wake. Tulijiambia mambo ni magumu, na yalikuwa magumu kweli, lakini mimi changu kilikuwa kinaingia kamili kila tarehe 30. Ninamlaumu bosi kwa bando, na yeye ana la kunilaumu mimi.

Aliporudi watoto walikuwa bado wapo. Julai hiyohiyo Waziri wa Elimu, Magoha, alitangaza shule hazifunguliwi mpaka mwaka ujao. Oktoba 12 Gredi ya Nne wakaitwa mapema, binti yangu akaondoka na barakoa mbili mkobani, na kaka yake akalia mlangoni kwa wivu. Yeye alingoja hadi Januari.

Mwaka 2022 seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alileta mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu na barua pepe za ofisi baada ya saa za kazi. Shirikisho la waajiri likaupinga, likisema utaharibu biashara. Niliusoma mswada ule jikoni, nikitarajia kuushangilia. Nikagundua nina wasiwasi nao kidogo. Dereva aliyekwama Malaba saa tisa za usiku, nani angeshika simu yake? Mimi nadhani jibu ni kwamba kampuni ingeajiri mtu wa zamu ya usiku, imlipe. Lakini yule wa pale nilipokuwa mimi, mwenye simu moja, asingeweza kuizima hata sheria ingemruhusu, maana akizima ya ofisi amezima na ya mamake.

Basi ushauri wangu kwa anayerudishwa nyumbani mwaka huu, kabla hajafurahia kuokoa nauli, ni laini ya pili na kifaa cha pili, na vyote viwe vya mwajiri. Asichaji simu ya ofisi chumba cha kulala. Na asikubali kikao cha saa kumi na mbili hata mara moja, kwa kuwa kikao cha kwanza cha saa kumi na mbili hukaribishwa kama mgeni, cha pili kina kiti chake.

Jumanne nilimjibu bosi faraghani, si kwenye kikundi. Nimeomba mambo matatu: simu ya kazi yenye laini yake, shilingi za bando na tokeni kila mwezi zinazoandikwa kwenye hati ya mshahara, na saa ya kufunga inayojulikana. Nikaongeza kwamba saa nne u nusu asubuhi sitakuwa mkutanoni kwa dakika kumi, kila siku, na sababu yake ni ya kifamilia. Mama bado anapiga saa hiyohiyo.

Ameusoma. Tiki mbili za buluu ziko pale tangu Jumanne.