Mtoto Alale Wapi, Kodi Iandikwe Wapi

Msimu wa ritani za kodi ukifika Marekani, wazazi waliotalikiana hurudi kwenye ugomvi uleule: nani amwandike mtoto kuwa tegemezi wake? Fedha zinazogombewa si haba. Kwa mwaka wa kodi wa 2025, nafuu ya mtoto aliye chini ya miaka 17 hufika dola 2,200, na wazazi hao hawawezi kuidai wote wawili.

IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, huhesabu usiku. Haki ni ya mzazi ambaye mtoto amelala kwake usiku mwingi zaidi. Mwaka una siku 365, kwa hiyo hata wanaopokezana wiki kwa wiki, mmoja huweza kuwa na 183 na mwenzake 182. Idadi ikilingana, hupewa mwenye kipato kikubwa.

Baba anayetoa matunzo kila mwezi bila kukosa huona ameonewa, nami namwelewa: matunzo hayo hayampunguzii kodi hata senti moja. Lakini mtoto akishikwa na homa saa nane za usiku, anayeamka, na kesho yake akakosa kazi, ni yule aliye naye nyumbani. Gharama hiyo haina risiti. Ndiyo maana naona kipimo cha usiku ni cha haki.

Kinachoniuma ni hukumu za talaka. Jaji wa jimbo anaweza kuamuru wapokezane kumwandika mtoto, miaka ya shufwa mama, ya witiri baba, nao wakatoka mahakamani wakidhani yamekwisha. Kwa talaka za baada ya 2008, IRS haikubali hukumu badala ya Fomu 8332, ya kumwachia mwenzake haki hiyo, iliyosainiwa na mzazi anayekaa na mtoto. Mama akigoma kusaini, baba hana budi kurudi kwa jaji. Hata akiipata, hupata nafuu ya mtoto tu. Hadhi ya mkuu wa kaya, ambayo nayo hupunguza kodi, na nafuu ya wafanyakazi wa kipato cha chini haziwezi kuhamia kwake kwa fomu hiyo.

Mama naye asikubali kuharakishwa kusaini kwa miaka yote ijayo. Anaweza kufuta baadaye, ila ufutaji huanza kufanya kazi mwaka unaofuata ule aliompa mwenzake taarifa. Fomu inaruhusu kusaini mwaka mmoja mmoja, na jaji anaweza kuombwa mapema aandike kwenye hukumu kwamba saini itatolewa matunzo ya mwaka huo yakishalipwa yote.