Ndugu wa Karonga si kituo cha mafuta

Desemba imefika na kwenye magrupu ya ukoo maneno ni yaleyale: "Tunashuka Malawi, Nkhata Bay, kula bata, njiani tutapitia kwa ndugu Karonga." Tutapitia! Watu saba kwenye Noah, saa mbili usiku, bila taarifa, halafu mtu anajisifu kuwa amekwenda kuunga undugu.

Tuelewane. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga ni watu wa nyumba moja. Mto Songwe, mpaka wa Tanzania na Malawi, umepita katikati, na wenyewe hautulii, ukifurika unahama njia na kuliacha shamba la mtu ng'ambo ya pili. Kwa hiyo yule shangazi wa upande wa babu hatakufukuza, na hapo ndipo ubaya ulipo. Atafukuzana na kuku gizani, atatuma mtoto akakope sukari, na watoto wake watalala chini ili nyinyi mpate vitanda. Kwacha yao yenyewe ilishushwa thamani kwa asilimia 44 Novemba 2023, sasa pigeni hesabu ya chai ya watu saba. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndiyo, lakini huyu mwenyeji mnamwacha na deni la duka.

Piga simu wiki mbili kabla. Taja idadi ya watu, siku ya kufika, na kama mtalala au mtaondoka jioni. Saa nayo ieleze vizuri: Malawi wako nyuma yetu kwa saa moja, hivyo ukiahidi saa saba mchana ukaenda na saa ya Mbeya, utawakuta bado wanachambua mchele.

Nakubali, shingo upande, kwamba taarifa ikitangulia mno ukoo mzima utajaa uani na gharama itapanda. Basi chakula kitoke kwako. Badili kwacha mpakani, hesabu noti mwenyewe hadi ya mwisho kabla hujatoa zako, kisha nunua sokoni Karonga: sukari kilo tano, mafuta ya kupikia lita tano, sabuni za mche, na kitenge cha mama mwenye nyumba. Kuku utakuta. Usijitese kubeba mchele wa Kyela, Karonga wanalima mchele mzuri wa kunukia, na ajabu yake wao wanauita Kilombero. Mkungu wa ndizi wa Tukuyu ndiyo kabisa. Machi 2025 Malawi ilizuia mchele, ndizi, mahindi, unga na tangawizi kutoka nje, Tanzania ikajibu mwezi uliofuata, na wenye mizigo wakaumia. Kabla ya kupakia mazao, ulizia mpakani yanayoruhusiwa siku hiyo.

Lakini sukari si kitu mbele ya hili. Kabla ya safari, muulize mzee wa ukoo: tangu tuonane nao mara ya mwisho, nani amefariki? Kwa Mnyakyusa msiba hauishi kwa sababu matanga yamekwisha. Usiyezika bado unadaiwa. Ukishuka kwenye gari na miwani ya jua, unapiga picha na ng'ombe, kumbe baba mwenye mji alizikwa mwaka juzi na hamkutuma hata salamu, hicho kitenge kitapokelewa kwa adabu na kukunjwa bila kutazamwa. Anza na pole. Rambirambi itolewe na mkubwa wenu, ndani, watu wameketi. Omba kupelekwa kaburini. Watoto wa mjini wafundisheni njiani angalau "mugonile" kwa wakubwa, siyo "ugonile" ya rika lao, na "ndaga fijo" wakishakula.

Karatasi ni fupi: pasipoti au hati ya dharura, kwa kuwa Malawi haimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki na kitambulisho cha taifa hakikufikishi. Kadi halisi ya gari, na barua ya mwenye gari kama umeazima. Kibali cha muda cha gari. Bima ya COMESA, lile soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika (tulijitoa mwaka 2000, ila bima yake bado tunaitumia, usiulize). Tangi lijae Kyela, maana mafuta Malawi yana tabia ya kukauka vituoni, na kumtuma binamu akatafute dumu usiku nako ni kupitia tu? Endesheni mchana. Giza likiingia, barabara ya M1 ina baiskeli zisizo na taa.

Mezani wakisema Ziwa Malawi badala ya Ziwa Nyasa, wewe kula samaki. Hujatumwa na wizara.

Siku ya kuondoka mtapewa usipa, wale dagaa wa ziwani. Pokea kwa mikono miwili, shukuru, na usinuse mbele ya shangazi. Ukishavuka mto ndipo ufungue kiroba uangalie kama wamekauka, kwa sababu wakiwa na unyevu, kufika Tukuyu mtakuwa mmeshusha vioo vyote na baridi ile.